Julián Berrendero: Bingwa wa milima aliyetoka kambini na kutwaa taji la Uhispania

KILA mwaka waendeshaji baiskeli stadi kutoka pembe mbalimbali za dunia hukusanyika nchini Uhispania kushiriki mashindano maarufu ya Vuelta. Kwa muda wa majuma matatu wao huzunguka nchi hiyo, wakipita mashamba ya mizeituni, vijiji vya mawe na milima ambayo barabara zake hujipinda kama nyoka.

Wapenzi wa mchezo huo nchini Kenya wanayafahamu mashindano hayo kutokana na jina la Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na ambaye anatambuliwa kuwa mshindi wa Vuelta ya 2011 na ile ya 2017. Hata hivyo, wachache humjua Mhispania wa kwanza kabisa kutwaa taji hilo. Huyo alikuwa Julián Berrendero, mwana wa vilima vilivyo kaskazini mwa jiji la Madrid, ambaye baina ya ubingwa wake nchini Ufaransa na ushindi wake nyumbani alipitia kambi za wafungwa.

Berrendero alizaliwa Aprili 8, 1912, katika kijiji cha San Agustín del Guadalix. Kijiji hicho kimo kando ya barabara kuu ya zamani itokayo Madrid kwenda Burgos, kwa umbali wa takriban kilomita 35 kutoka mji mkuu huo. Mtu akisimama hapo na kuelekeza uso wake kaskazini, huiona safu ya milima ya Guadarrama ikiwa imetanda kama ukuta baina ya nyanda mbili za Castilla.

Ukuta huo una milango michache tu. Upande wa mashariki upo mlango wa Somosierra, wenye kimo cha mita 1,444, ambapo barabara ya Burgos hupenya. Upande wa magharibi upo ule unaoitwa Alto del León, wenye kimo cha mita 1,511. Katikati yake ipo Navacerrada, inayofikia zaidi ya mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, pamoja na Cotos, Morcuera na Canencia. Majira ya baridi huleta theluji katika vilele hivyo, na kiangazi jua huwaka pasipo huruma kwenye miamba na miti ya mialoni iliyo chini yake.

Hizo ndizo zilizokuwa barabara za jirani kwa kijana Berrendero. Wakati huo nyingi hazikuwa na lami. Zilikuwa za changarawe na vumbi, na mvua iliponyesha ziligeuka matope. Baiskeli nazo zilikuwa za chuma kizito. Vifaa vya kubadilisha gia mtu akiwa safarini havikuruhusiwa katika mashindano makubwa ya Ufaransa hadi mwaka wa 1937. Kabla ya hapo, mwendeshaji alipofika chini ya mlima alilazimika kushuka, kufungua gurudumu la nyuma na kuligeuza ili mnyororo uingie kwenye jino kubwa zaidi, kisha apande tena na kuendelea.

Kwa hivyo mpanda milima wa enzi hizo alihitaji zaidi ya mapafu na misuli. Alihitaji subira, mikono ya fundi na moyo wa kuvumilia upweke, kwani hakukuwa na gari la kumfuata kila alikokwenda. Berrendero alijaliwa sifa hizo zote. Ngozi yake iligeuka nyeusi kutokana na jua la barabarani, ilhali macho yake yalikuwa ya rangi ya buluu. Kutokana na hali hiyo mashabiki walimbandika jina la Mweusi mwenye Macho ya Buluu, nalo likamwandama maisha yake yote.

Mashindano ya Vuelta yalianzishwa mwaka wa 1935 na gazeti la Informaciones la Madrid, likifuata mfano wa magazeti ya Ufaransa na Italia yaliyokuwa yakitumia mbio za baiskeli kuvutia wasomaji. Waendeshaji 50 walianza safari hiyo ya kwanza, na taji likanyakuliwa na Mbelgiji Gustaaf Deloor. Mwaka uliofuata Deloor alishinda tena, ndugu yake Alfons akawa wa pili, naye Mwitaliano Antonio Bertola akachukua nafasi ya tatu. Wa nne alikuwa Berrendero, aliyekuwa na umri wa miaka 24. Miongoni mwa Wahispania wote hakuna aliyemtangulia.

Mashindano hayo ya 1936 yalimalizika mjini Madrid mwishoni mwa mwezi wa Mei. Kutokana na jinsi alivyong'ara, Berrendero alikwenda kushiriki Tour de France mwezi wa Julai. Hakuna aliyejua kwamba angekaa nje ya nchi yake kwa zaidi ya miaka mitatu.

Tour de France ya mwaka huo ilianza Julai 7. Zilikuwa hazijapita hata wiki mbili wakati majenerali wa jeshi la Uhispania walipoiasi serikali ya Jamhuri, na kufikia Julai 18 uasi ulikuwa umeenea katika miji mingi ya nchi. Nchini Ufaransa, Wahispania waliokuwa mashindanoni walipata habari hizo vipande vipande, huku wakitakiwa kuamka kila asubuhi na kupanda milima kana kwamba hakuna lililotokea.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba vita vilifika mapema sana katika barabara zilezile zilizomlea Berrendero. Vikosi vya waasi vilivyotoka kaskazini vilinuia kuingia Madrid kwa kupitia milango ya Guadarrama. Wapiganaji wa Jamhuri walikimbilia huko kuwazuia. Mapigano makali yalizuka Somosierra na Alto del León katika siku za mwisho za Julai. Waasi waliiteka milango hiyo miwili lakini wakashindwa kuteremka hadi mjini, ilhali Navacerrada ilibaki mikononi mwa Jamhuri. Tangu hapo hadi 1939, safu hiyo ya milima ikawa mstari wa vita, na wapiganaji wa pande zote wakachimba mahandaki na kujenga ngome za zege kando ya barabara.

Hivyo basi, wakati milima ya kwao ilipokuwa ikitoa moshi wa mizinga, Berrendero alikuwa akiipanda milima ya Alps na Pyrenees. Na aliipanda kwa namna ambayo iliwashangaza wengi. Tuzo ya mpanda milima bora ilikuwa imeanza kutolewa rasmi katika Tour de France mwaka wa 1933, na wa kwanza kuipata alikuwa Mhispania Vicente Trueba, mtu mfupi mno kutoka Torrelavega aliyefananishwa na kiroboto. Mwaka wa 1936 tuzo hiyo ilirudi tena kwa Wahispania, safari hii ikimwendea Berrendero. Alimpiku hata Mbelgiji Sylvère Maes, ambaye ndiye aliyekuwa mshindi wa mashindano yote. Katika orodha ya jumla, Berrendero alimaliza wa 11.

Wahenga walinena kuwa kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mashindano yalipomalizika jijini Paris mwanzoni mwa Agosti, wenzake kutoka mataifa mengine walifunga virago na kurejea makwao. Mhispania hakuwa na njia rahisi ya kurudi. Nchi ilikuwa imegawanyika mapande mawili, na kila upande ulimtazama kwa jicho la shaka mtu aliyetoka nje. Berrendero akabaki Ufaransa, akawa anaishi mjini Pau, chini ya milima ya Pyrenees, akiendelea kutafuta riziki kwa baiskeli.

Maisha ya ugenini hayakumvunja moyo. Katika Tour de France ya 1937 alishinda mkondo uliotoka Luchon hadi Pau. Luchon ni mji ulio karibu na mpaka wa Uhispania, na mkondo huo unaohesabiwa miongoni mwa migumu zaidi katika mchezo wa baiskeli huvuka milima kadhaa mirefu, ukiwemo Tourmalet wenye kimo cha mita 2,115. Bila shaka ushindi huo ulikuwa na utamu wake na uchungu wake. Aliupata mbele ya majirani wa mji uliompa hifadhi, lakini nyuma ya milima hiyo ndugu walikuwa wakiuana.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimalizika Aprili 1, 1939, kwa ushindi wa Jenerali Francisco Franco. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo, vita vikuu vya pili vya dunia vikaanza na Ufaransa ikaingia vitani. Nchi iliyompa Berrendero kimbilio ikawa nayo haina amani. Akaamua kurudi nyumbani.

Alipokanyaga ardhi ya Uhispania alikamatwa. Serikali mpya ilikuwa ikiwasaka wote walioshukiwa kuwa wafuasi wa Jamhuri, na inasemekana maneno ambayo bingwa huyo aliyatoa kwa magazeti ya Ufaransa kuhusu vita yalikuwa yamehifadhiwa na watu wasiosahau. Mtu ambaye miaka mitatu kabla alikuwa amelipatia taifa lake tuzo ya milima ya Tour de France alitiwa kizuizini pamoja na maelfu ya wafungwa wengine.

Berrendero alikaa katika kambi za wafungwa kwa takriban miezi 18. Kambi za Uhispania za wakati huo zilikuwa mahali pa njaa, chawa na magonjwa, na wengi waliozuiliwa humo walifanyishwa kazi za sulubu. Kwa mwanamichezo wa mbio ndefu, ambaye mwili wake ndio mtaji wake, kila mwezi uliopita ulikuwa hasara isiyoweza kufidiwa. Alikuwa na umri wa miaka 27 alipoingia, umri ambao mwendeshaji baiskeli huanza kufikia kilele cha nguvu zake.

Husimuliwa kwamba baiskeli ndiyo iliyomwokoa. Mmoja wa maofisa wa kambi aliwahi kuwa mshiriki wa mchezo huo, akalitambua jina lake, na hali yake ikapata nafuu. Alipoachiliwa alirudi barabarani mara moja, kwani hakuwa na kazi nyingine aliyoijua vyema kuliko hiyo.

Mwaka wa 1941 serikali ya Franco iliafiki mashindano ya Vuelta yafufuliwe baada ya miaka mitano ya kimya. Watawala walitaka kuionyesha dunia, na kuwaonyesha raia wao wenyewe, kwamba nchi imetulia na barabara zake zinapitika. Ukweli wa mambo ulikuwa tofauti. Chakula kilikuwa kikitolewa kwa mgao, madaraja mengi yalikuwa bado yanakarabatiwa, na tairi za baiskeli zilikuwa adimu. Kwa kuwa sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa vitani, wageni waliofika walikuwa Waswisi wanne tu. Jumla ya washiriki ilikuwa 32.

Washiriki hao waliondoka Madrid mwezi wa Juni na kuizunguka nchi kwa mikondo 22, safari ya zaidi ya kilomita 4,400. Waliporejea Madrid mwezi wa Julai walikuwa wamebaki 16. Delio Rodríguez, mwenye kasi isiyo kifani katika tambarare, alikuwa ameshinda mikondo mingi kuliko mwingine yeyote. Hata hivyo, mashindano ya aina hiyo huamuliwa kwa jumla ya muda, na katika hesabu hiyo aliyekuwa mbele ni Berrendero. Alimshinda Fermín Trueba, nduguye yule Vicente wa Torrelavega, kwa muda unaozidi dakika moja kwa sekunde chache tu.

Kwa mara ya kwanza Vuelta ilikuwa na mshindi Mhispania, na mshindi huyo alikuwa mtu aliyetoka kambini miezi michache tu iliyotangulia. Magazeti ya wakati huo yalikuwa chini ya sheria kali ya udhibiti iliyowekwa mwaka wa 1938, hivyo hayakuwa na uhuru wa kueleza bayana alikokuwa bingwa huyo kwa mwaka mmoja na nusu. Serikali iliyomfunga ndiyo iliyovuna sifa za miguu yake. Naye, kama Wahispania wengi wa kizazi chake, alilazimika kuishi na utata huo kila siku.

Wapo wanaoweza kujiuliza kwa nini alikubali kushiriki. Jibu halihitaji kutafutwa mbali. Katika nchi yenye njaa, mtu aliyetoka kifungoni hakuwa na milango mingi ya kubisha. Kukataa kungemrudisha katika orodha ya washukiwa, na kungemnyima riziki. Zaidi ya hayo, baiskeli ilikuwa mali yake kabla haijawa ya watawala. Aliipenda kabla ya vita, akaishi kwayo ugenini, na hakuna kambi iliyoweza kumwondolea ujuzi huo.

Mwaka wa 1942 alithibitisha kwamba ushindi wake haukuwa wa kubahatisha. Alitwaa taji la Vuelta kwa mara ya pili mfululizo, na kuongezea tuzo ya mpanda milima bora. Mwaka huohuo alikuwa bingwa wa taifa wa mbio za barabarani, taji alilolitetea mwaka wa 1943 na 1944. Alishinda pia mashindano ya kuzunguka jimbo la Catalonia mwaka wa 1943, na kuyashinda tena mwaka wa 1946.

Vuelta haikufanyika mwaka wa 1943 na 1944. Iliporudi mwaka wa 1945, Berrendero alikuwa na miaka 33. Safari hii Delio Rodríguez alimshinda, naye akawa wa pili, ingawa tuzo ya milima ilibaki mikononi mwake. Mwaka wa 1946 alikuwa wa pili tena, nyuma ya Dalmacio Langarica. Ikiwa zitahesabiwa Vuelta nne zilizofanyika kuanzia 1941 hadi 1946, hakuna hata moja ambayo alimaliza chini ya nafasi ya pili.

Ni vigumu kutojiuliza mtu huyo angefika wapi kama historia isingemkalia njiani. Vita vya Uhispania, kambi, na kisha vita vya dunia vilivyosimamisha Tour de France kutoka 1940 hadi 1946, vilimeza miaka yake bora. Uhispania ilisubiri hadi mwaka wa 1959 kumpata mshindi wake wa kwanza wa Tour de France, naye alikuwa Federico Bahamontes wa Toledo, mpanda milima mwingine aliyefuata njia iliyofunguliwa na Trueba na Berrendero.

Alipostaafu, Berrendero alifungua duka la baiskeli jijini Madrid. Waendeshaji wa vizazi vilivyofuata waliingia humo kununua vifaa, na waliotaka kujua habari za barabara za zamani walikuwa na mtu wa kumuuliza. Aliandika pia kumbukumbu za maisha yake. Aliishi kuuona utawala wa Franco ukifikia kikomo mwaka wa 1975 na demokrasia ikirejea nchini. Alifariki dunia Agosti 1, 1995, akiwa na umri wa miaka 83.

Barabara za milimani kwao zingali zinavuta watu. Njia inayopendwa sana na waendeshaji wa leo huanzia upande wa Colmenar Viejo, nchi ya malisho ya ng'ombe na kuta fupi za mawe, kisha hufika Miraflores de la Sierra, mji mdogo ulio chini ya mlima. Hapo njia huanza kupanda kuelekea Morcuera, yenye kimo cha mita 1,796. Kupanda kwake hakuna ukali wa ghafla, lakini hakuna pia mahali pa kupumzika. Miti hupungua kadiri mtu anavyokwea, hadi kunabaki nyasi, mawe na upepo.

Kutoka kileleni, mteremko humfikisha mtu katika bonde la mto Lozoya na kijiji cha Rascafría. Hatua chache mbele yake pana monasteri ya El Paular, iliyoanzishwa mwaka wa 1390. Kisha barabara huingia katika msitu wa misonobari na kupanda tena polepole hadi Cotos, na kutoka hapo hadi Navacerrada. Anayetaka kuendelea hadi Segovia huteremka kwa kona saba kali ambazo zimelipatia eneo hilo jina lake la Siete Revueltas. Kwenye mteremko huo mwenye pupa hujuta, hasa asubuhi ambapo lami iliyo kivulini huwa ingali na unyevu.

Vuelta yenyewe imeamuliwa zaidi ya mara moja katika milima hiyo. Mwaka wa 2015, siku moja tu kabla ya mashindano kumalizika, Mholanzi Tom Dumoulin alikuwa akiongoza. Mwitaliano Fabio Aru alimshambulia katika mlima wa Morcuera, akamwacha nyuma, na jioni hiyo uongozi ukabadilisha mikono. Mwaka wa 2013 sehemu kubwa ya safu hiyo ilikuwa imetangazwa kuwa mbuga ya taifa.

Anayepita huko kwa utulivu huona pia vitu ambavyo havimo katika ramani za michezo. Kando ya barabara na baina ya misonobari yamo mabaki ya mahandaki na ngome za zege za miaka ya 1936 hadi 1939, yakiwa yameota kuvu na magugu. Baadhi yameelekezwa kaskazini na mengine kusini, kulingana na ni nani aliyeyajenga.

Berrendero alizijua barabara hizo kabla ya mahandaki kuchimbwa, na alizipita tena baada ya bunduki kunyamaza. Makovu ya vita hayakufutika, si katika milima hiyo wala katika maisha yake. Lakini jina lake limebaki mwanzoni mwa orodha ya mabingwa wa Uhispania katika Vuelta, na limeandikwa hapo mara mbili.